Babu Hakurusha Ndege

Mtaani kwetu hapa Mpanda watu wanajua babu alikuwa rubani katika vita vya Kagera. Kosa ni langu. Nilipomaliza kidato cha nne nilianza kuandika riwaya, humo nikampandisha kwenye MiG. Nikawasomea rafiki zangu, nao wakaeneza.

Ukweli, ndugu msomaji, babu alikuwa askari wa anga ambaye hakuwahi kurusha hata tiara. Kazi yake pale uwanja wa ndege wa Mwanza ilikuwa kujaza ndege mafuta, basi. Machi 1979, Kampala ikiwa karibu kuanguka, Tupolev ya Libya iliyotumwa kumsaidia Amin ikaja kulipua matangi ya mafuta ya Mwanza. Ikakosa shabaha. Mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane, kwenye hifadhi, yakaua swala.

Juzi usiku nilimsomea babu sura ya tatu, ile anayoitungua Tupolev hiyo. Akasikiliza hadi mwisho, kibatari kinafuka moshi.

“Mume mwenzangu,” akaniuliza, “huyo ni nani?”

“Si wewe, babu!”

“Mimi nilikuwa nimelala chini ya boza, nimejikojolea. Huyo wako simjui. Halafu swala mbona umewaacha?”

Nikanyamaza. Kurasa arobaini hizo, na kalamu ilikuwa ya kuazima. Nikazichana, nikafungua ukurasa mweupe.

“Andika pia,” akasema, “lile boza lilikuwa limejaa.”