Jina la kwenye kikopo cha filamu

Marehemu baba, kule Mombasa, alipenda filamu za Ilford, zile za nyeusi na nyeupe. Nilipopata nyumba Ilford, mashariki ya London, mama alicheka kwenye simu: "Mwanangu, umehamia ndani ya kikopo!"

Jina kweli limetoka hapa. Mwaka 1879 Alfred Harman alianza kutengeneza mabamba ya kioo ya kupigia picha katika mji huu. Siku hizi kiwanda kiko Mobberley, si mbali na Manchester. Kamera za dijitali nusura zikiue. Mwaka 2004 kampuni ilifilisika, na 2005 mameneja wake wenyewe wakainunua. Bahati njema, maana kazi hii haifufuliwi kwa urahisi: chumvi za fedha huchanganywa na jelatini, zikapakwa gizani juu ya utepe wa plastiki, na ujuzi umo mikononi mwa watu. Desemba 2023 walitoa filamu ya rangi, Phoenix 200. Ina chembechembe nyingi. Mimi nisingempigia bi harusi.

Binti yangu, mwanafunzi, hununua filamu hizo. Nalalamikia bei, ila simnyimi. Picha zangu za mwisho za baba ziliibwa pamoja na simu. Zilizobaki ni za negativu.

Agosti alimpiga nyanya yake picha nne tu, barazani, akisubiri aache kujitengeneza mtandio. Tumezisafisha huku. Mama mdogo anasafiri Ijumaa, atampelekea.