Muhogo Unataka Siku Zake

Hapa Aru, ukiuliza chakula cha bei rahisi ni kipi, hata mtoto atakujibu: muhogo. Naye hasemi uongo. Muhogo hauchagui udongo, hauogopi sana jua, nao hukaa ardhini mwaka mzima na zaidi ukimngoja mwenyewe. Ule mchungu hata mwizi na nyani huupita. Ndiyo maana wazee wetu, ambao zamani walikula zaidi ulezi na mtama, waliukubali. Lakini, ndugu msomaji, tusidanganyike na neno hilo "rahisi". Muhogo hautaki fedha, unataka siku. Mtu akiunyima siku zake, atadaiwa kwa njia nyingine.

Tueleze kwanza jinsi tufanyavyo sisi nyumbani. Mihogo ikichimbwa Jumatatu humenywa siku ile ile, maana haikai. Kisha twaitia majini, katika pipa au katika shimo dogo kando ya kijito, siku tatu, na siku za baridi nne, mpaka iwe laini hata kidole kiingie. Harufu yake wakati huo si ya kusimulia mezani. Twatoa nyuzi za katikati, twaimega vipande vidogo, twaianika juani siku mbili au tatu, mpaka kipande kikivunjwa kilie. Ndipo kinu, ndipo ungo. Majirani wengine hawana maji karibu. Wao huanika kidogo, hurundika mihogo na kuifunika kwa majani mpaka iote ukungu, kisha huukwangua, huiponda na kuianika tena. Njia hiyo nayo ni ya wazee, na ni nzuri ikifuatwa yote. Hesabu basi: mihogo ya Jumatatu huliwa Jumatatu ya pili.

Kwa nini taabu yote hiyo? Kwa sababu ndani ya muhogo mchungu mna sumu, ya jamii ya sianidi, ambayo mmea hujilinda kwayo. Mizizi ikilowa na kuoza kidogo, nguvu iliyo ndani ya mmea wenyewe huivunja sumu ile, ikatoka kama hewa, nyingine ikaondoka na maji. Wengi hudhani kwamba kilichobaki kitamalizwa na moto wa sufuria. Sivyo. Moto huiua ile nguvu ivunjayo sumu kabla haijamaliza kazi yake, na sumu iliyobaki katika unga huliwa pamoja na ugali.

Haya si maneno ya kutisha watoto. Mwaka 1938, hapa hapa Kongo, daktari Trolli aliandika habari za ugonjwa wa watu wa Kwango ambao wenyewe waliuita konzo, yaani miguu iliyofungwa. Mtu hulala mzima, huamka miguu yote miwili imekakamaa, wala hairudi tena kama zamani. Huwapata hasa watoto, na akina mama wa umri wa kuzaa. Mwaka 1981, wakati wa ukame, uliwapata watu zaidi ya 1,000 katika jimbo la Nampula, nchi ya Msumbiji. Kila mahali habari ni ile ile: njaa, muhogo mchungu karibu peke yake, na haraka. Karibu zaidi nasi, huko Kasese, Uganda, mwezi wa Septemba 2017, watu 98 waliugua baada ya kula ugali wa unga wa muhogo, na wawili wakafa. Unga ule ulikuwa wa kununua. Aununuaye hawezi kuona ulikaa majini siku ngapi.

Tena haraka yenyewe haitoki katika uvivu. Hapo ndipo wengi wetu tunapowahukumu akina mama bila haki. Miezi ile kabla ya mavuno, ghala likiwa tupu, wachuuzi hupita vijijini wakitafuta unga wa kupeleka soko la Ariwara, nao hulipa shilingi za Uganda mkononi. Ada ya shule inadaiwa. Mama huanika siku moja badala ya tatu, akauza unga mzuri, akabakiza ule wa haraka kwa ajili ya nyumba yake. Jirani yetu mmoja alikuwa akifanya hivyo. Watoto wake walishikwa na kizunguzungu na kutapika usiku, zaidi ya mara moja. Tulipomwambia habari ya siku tatu, alitujibu kwa upole:

"Baba katekista, watoto wangu wanalia leo. Hawangoji Jumamosi ndipo walie."

Ungemjibu nini? Hotuba haijazi sufuria. Tulimwonyesha jambo moja ambalo wanawake wa Popokabaka, huko Kwango, walianza kufundishwa mwaka 2010, nalo lilibuniwa na mtaalamu wa Australia, Howard Bradbury. Halitaki fedha wala dawa. Chukua unga mkavu, utie katika bakuli, piga alama ya mkaa ndani mahali unga ulipofikia. Tia maji kidogo kidogo ukikoroga. Kwanza unga utashuka. Endelea mpaka urudi penye alama. Kisha utandaze mkekani, uwe mwembamba, usipite unene wa kidole. Uache juani saa mbili, au kivulini saa tano, sumu itoke kama hewa. Baadaye songa ugali wako kama siku zote, siku ile ile. Mambo haya hayafuti siku za majini na za juani. Ni msaada kwa unga tusioujua, au kwa nyumba iliyobanwa.

Kitoweo nacho kina kazi yake. Katika gramu 100 za muhogo mbichi, chakula cha kujenga mwili hakipiti gramu 1 au 2, lakini maharagwe makavu yana zaidi ya 20. Na mwili hutumia chakula hicho cha kujenga katika kuivunja sumu ndogo iliyobaki. Kwa hiyo anayekula ugali wa muhogo kwa chumvi tupu amejinyima mara mbili. Wala hatuhitaji nyama. Ufuta, au simsim kama wasemavyo sokoni, karibu nusu yake ni mafuta. Twaukaanga kwa moto mdogo, twausaga juu ya jiwe mpaka utoe mafuta yenyewe, twautia katika majani ya kunde, na hapo chupa ya mafuta itokayo ng'ambo ya mpaka haina la kutuambia. Majani ya kunde twayalainisha kwa maji ya majivu: majivu masafi huwekwa katika chungu chenye matundu, maji humwagwa juu, yakidondoka hukingwa. Kijiko kimoja au viwili chatosha, ukizidisha mboga huwa kama sabuni. Maharagwe hulala majini usiku kucha, na kuni zinazookolewa si haba. Sombe lazima yatwangwe sana na kuchemshwa muda mrefu, maana majani ya muhogo nayo yana sumu ile ile.

Unga wenyewe twauchanganya na ulezi, vikombe viwili vya muhogo kwa kimoja cha ulezi. Ugali huwa mweusi, na vijana wengine wakirudi kutoka Bunia huona haya kuwapa wageni. Sisi twapenda weusi huo. Ulezi una chokaa nyingi ya mifupa kuliko mahindi au mchele, tena hukaa ghalani muda mrefu bila kuliwa na wadudu.

Sasa neno kwa wanaume wenzetu. Twapenda kusifu mke mwenye kubana matumizi, lakini tuhesabu matumizi hayo yanabanwa na nani. Pipa moja la kulowekea hutaka safari ngapi za kijitoni? Jiwe la kusagia liko magotini mwa nani? Kwetu tumekubaliana hivi: kuchimba, kubeba maji na kujenga jukwaa la kuanikia ni kazi ya baba na wavulana. Kabla ya hapo mihogo ilianikwa chini, kuku na mbuzi wakala sehemu yao, na mama akifukuza mbuzi hawezi kuwa kando ya kijito. Jukwaa letu ni miti sita na mianzi, kazi ya siku mbili. Wako waliotucheka.

Jirani yetu bado huuza unga Ariwara, maana ada ya shule haijapungua. Ila bakuli lake lina alama ya mkaa ndani, na watoto hawajatapika tena. Siku za mvua, jua likikosekana, hutandaza unga chini ya paa la jiko tangu asubuhi, akahesabu saa tano.