Mbingu, Bonde la Kilombero: Tazama Kabla ya Kupiga Dawa

Ndugu msomaji, twende pamoja Bonde la Kilombero, mkoani Morogoro. Tunatoka Mikumi. Tunapita Kidatu, penye mashamba makubwa ya miwa. Kisha tunapita Mang'ula na Kiberege. Mkono wetu wa kulia ni milima ya Udzungwa. Mbele yetu ni Ifakara, mji wa mpunga.

Ifakara tunashika barabara ya Mlimba. Reli ya TAZARA nayo inapita upande huo. Tunashuka Mbingu, chini ya milima. Huku wakulima wanalima mpunga, na pia kokoa. Mbegu za kokoa ndizo hutengeneza chokoleti. Mwaka 2013 kampuni ya Kokoa Kamili ilianza kazi huku. Ilinunua mbegu mbichi kwa wakulima na kuzichachusha.

Tuingie shambani. Shika jani changa, ligeuze. Je, unaona vidudu vyeusi au vya kahawia, vidogo kama punje za ulezi? Hao ni vidukari. Wengine huwaita wadudu mafuta. Hukaa kwa makundi kwenye majani machanga, maua na matunda machanga. Mdomo wao ni kama sindano. Hufyonza utomvu, na jani hujikunja. Jike huzaa bila dume, kwa hiyo huongezeka upesi sana.

Vidukari hutoa maji matamu. Maji hayo huota ukungu mweusi kama masizi. Sisimizi huyapenda. Huwalinda vidukari kama mfugaji anavyolinda ng'ombe wake. Ukiona sisimizi wakipanda na kushuka mtini, fuata njia yao. Watakuonyesha vidukari walipo.

Sasa utasema, "Nilete bomba, nipige dawa." Ngoja kwanza!

Tazama tena jani lile. Yuko mdudu wa mviringo, mgongo wake mwekundu wenye madoa meusi. Huyo ni rafiki yako. Yeye na watoto wake hula vidukari. Dawa kali itamwua naye. Vidukari wakirudi, hawatamkuta adui.

Tena, tazama shina. Maua ya kokoa huota shinani na kwenye matawi. Nani huyapa uzazi? Ni vidudu vidogo sana, jamii ya usubi. Huzaliana kwenye majani na maganda yanayooza chini ya miti. Ukipiga dawa kali wakati wa maua, utawaua hao pia. Maua yatadondoka bila kuzaa. Umewafukuza vidukari, lakini mavuno nayo umeyapoteza.

Basi fanya hivi:

1. Kagua miti yako kila wiki, hasa inapotoa majani mapya.
2. Vidukari wakiwa wachache, waminye kwa vidole au kata kijiti walichokaa.
3. Wakiwa wengi, changanya sabuni ya maji, kijiko kimoja cha chai kwa lita moja ya maji. Jaribu majani machache kwanza. Yasipoungua, nyunyizia vidukari jioni. Usinyunyizie maua.
4. Acha majani makavu chini ya miti.
5. Wakizidi kuenea, mwite Bwana Shamba kabla ya kununua dawa.

Ndugu mkulima, si kila mdudu ni adui. Kesho asubuhi nenda shambani mwako, ugeuze jani moja. Mjue adui, mjue na rafiki.