Mjomba, Nipeleke Kongo!

WIKI mbili zilizopita nilikuwa nyumbani Mkange, mapumziko ya siku nne tu, gari liko gereji Dar. Nimekaa zangu chini ya mwembe, chai ya mchaichai na mihogo, mara namwona kijana wa dada yangu anakuja. Kavaa shati la Ijumaa na siku yenyewe ni Jumanne. Nikajua hapa pana neno. Akaamkia vizuri, akakalia kinu kilicholazwa, akachora chora chini na kijiti, kisha akasema: "Mjomba, nipeleke Kongo."

Lo! Chai ikanipalia. Kamaliza kidato cha nne, matokeo yamekuja kama yalivyokuja, sasa anataka utingo. Sikumjibu. Mimi mbele ya watoto mdomo wangu mzito, nikamwambia, "Nitakuandikia, mjomba." Basi ndugu msomaji vumilia, barua hii ni ya kwake, ila na wewe ruksa kuchungulia.

Mjomba, najua unachokiona. Unaona semi linapita Mandera, honi kama meli, dereva kaegemeza mkono dirishani na miwani ya jua. Unaona mimi nimekuja na soda kreti mbili na kitenge cha mama yako kutoka Lubumbashi. Huoni kwamba kreti zile mbili ndizo zilizobaki baada ya mileji kuliwa na pancha, maji ya kuoga ya kununua, na siku za foleni ambazo tajiri hazihesabu.

Hesabu ya njia ni hii. Dar mpaka Tunduma ni zaidi ya kilometa 900. Hapo hujavuka bado. Unaingia Zambia, Nakonde, Mpika, Serenje, Kapiri Mposhi, Ndola, Chingola, ndipo unakwenda kugonga Kasumbalesa, mlango wa Kongo. Kabla ya hapo umeshapanda mizani Vigwaza, Mikese, Wenda, Makambako na Mpemba, na kila mizani roho iko juu, maana gari na mzigo mwisho tani 56. Mzigo ukihama kidogo tu ekseli ya nyuma ikazidi, unaanza kuupanga upya juani, wewe na mikono yako.

Mikumi utapita katikati ya hifadhi. Kuna ubao pale umeandikwa faini, kila mnyama na bei yake. Utingo wangu wa kwanza aliusoma wote akaniuliza, "Na mtu je, mbona hayumo?" Nilikosa la kumjibu.

Halafu Kitonga. Kwenda, unaupanda na gia nzito unahesabu kona, abiria wa mabasi wanakupita wanakuangalia kama konokono. Hapo si tatizo. Tatizo ni kurudi, ukiwa na shaba. Shaba ni mzigo wa ajabu, mjomba. Ukiitazama juu ya tela unadhani gari tupu, vipande vimelala chini vimefungwa mikanda, urefu wake haufiki kiunoni. Kumbe ni tani 30 zinakusukuma mgongoni. Wazee walinifundisha, mlima uliopanda kwa gia hii, shuka kwa gia hiyo hiyo. Vijana wanatia nyutro ili wabane mafuta, wakauze. Mwaka 2008 nilishuka Kitonga nyuma ya mmoja wao. Kwanza niliona moshi kwenye matairi, kisha nikasikia harufu ya breki kama mpira unaoungua, kisha sikuona gari tena. Tulivunja matawi ya majani tukayatandaza barabarani kuonya wenzetu, halafu tukateremka korongoni. Mengine sitakuandikia.

Ukifika Kasumbalesa unahamia mkono wa kulia. Huku kwetu na Zambia ni kushoto, Kongo kulia. Siku ya kwanza nilijikuta natazamana na lori lenzangu uso kwa uso, dereva wake akanitukana kwa Kiswahili cha Lubumbashi, kitamu mpaka matusi nilisahau kukasirika. Lakini kabla ya kuhamia huko kulia kuna foleni. Nimewahi kulala foleni ya Kasumbalesa siku sita, unasogea urefu wa gari moja, unazima. Unapika mbele ya gari, unafua unaanika kwenye kioo. Usiku mmoja analala, mwingine anakesha, maana turubai linachanwa hivi hivi unasikia kama panya. Tunduma angalau tangu 2019 kituo ni kimoja, nchi mbili zinakugongea mihuri mahali pamoja.

Na lile wanalotusema, eti kila kituo mke. Mjomba, mimi sitajifanya sheikh. Miaka ya 1990, nilipoanza utingo mwaka 1998, madereva walionifundisha spana walikuwa tisa uwanja mmoja. Miaka kumi baadaye walibaki watatu. Hawakuisha kwa Kitonga. Hilo ukilielewa limetosha, usiniulize zaidi mbele ya mama yako.

Sisi watu wa huku safari ndefu haijaanza leo. Saadani hapo, pua na mdomo na Mkange, karne ya 19 ilikuwa inashindana na Bagamoyo kutoa misafara ya bara. Mpagazi alibeba kichwani kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, akatembea miezi mitatu na zaidi mpaka Ujiji. Bibi yako alikuwa anayajua mambo hayo kwa kusimuliwa. Nilipomwambia kwa mara ya kwanza nakwenda mpaka Kongo, aliniuliza, "Mmejipanga wangapi?" Nikasema tuko wawili. Akasikitika kweli kweli.

Hapa ndipo nilipotaka kufika.

Mwaka 2019, mwezi wa Oktoba, bibi yako alikuwa anaumwa, unakumbuka. Miguu imevimba, pumzi fupi. Mimi nilitolewa njia ya Kongo mwezi ule, nikapewa mabati ya Arusha. Nikafurahi, maana njia ya Arusha inapita Chalinze, Wami, kisha Mandera, na Mandera ndiyo njia panda ya kwetu, unakata kulia, Miono, Mkange. Lakini gari lina kile kidude cha satelaiti. Ofisini Dar kuna kijana, umri wako, anakutazama kwenye kompyuta. Ukichepuka, simu. Ukisimama dakika kumi pasipo kituo, simu. Na semi lenye tela halikati kwenda Mkange hata ungepewa ruhusa, udongo ule mweusi unaujua, mvua kidogo tu unameza bodaboda.

Nikampigia mama yako simu. Nikamwambia, mimi siwezi kuja kwa mama, je, mama anaweza kuja kwangu? Mama yako akakaa kimya, halafu akasema, "Kaka, una wazimu." Kesho yake akakodi gari dogo.

Nilishuka Wami mchana. Daraja jipya lilikuwa bado, lilianza kutumika 2022. Lile la zamani, la mwaka 1959, jembamba, gari moja linapita na jingine linasubiri ng'ambo. Nikasubiri basi mbili na lori la ng'ombe na mimi nahesabu dakika. Nilipotokea Mandera nikawaona pembeni ya barabara, bibi yako kakalishwa kwenye kiti cha plastiki, kajifunga khanga mpya, mwavuli juu.

Nikapaki. Nikawasha taa za hatari. Bibi yako hakuniangalia mimi kwanza. Aliliangalia gari, kuanzia kichwa mpaka mwisho wa tela, taratibu, kama mtu anayesoma. Miaka yote ile nalisema gari, gari, na yeye hajawahi kuliona. Akaomba asogezwe, akaweka kiganja kwenye tairi. Lilikuwa la moto, akautoa mkono haraka. Akasema, "Hiki ndicho kinachokulea wewe?" Nikasema ndicho, mama. Akasema, "Kikubwa."

Nilikuwa nimemletea dawa za presha na machungwa. Yeye alinibebea kuku wa kukaanga, kwenye kikapu, na chumvi ya Saadani, kana kwamba Arusha hakuna chumvi! Tukaongea. Sijui tuliongea nini, mjomba. Mambo ya ufuta, nani kafariki, nani kaoa. Simu ikalia.

"Mbona umesimama hapo, dereva?"

Nikajibu, "Pancha, bosi. Tunabadilisha."

Nimekata simu, namwona bibi yako ananitazama. Nikaona haya, mtu mzima na mvi zangu, kasikia mwanawe anadanganya. Akacheka, kile kicheko chake cha bila sauti, mabega yanatikisika. Akasema, "Kwa hiyo leo mie ndiye pancha."

Utingo wangu akaanza kucheka, mama yako naye, mpaka dereva wa gari la kukodi. Tulikaa pale jumla dakika 22. Najua kwa sababu niliandikiwa barua na ofisi na dakika zenyewe zimo.

Februari 2020 nilikuwa Kasumbalesa, gari la thelathini na kitu kwenye foleni, mama yako akanipigia alfajiri. Walimzika siku hiyo hiyo baada ya adhuhuri, ndivyo inavyotakiwa. Wewe ulikuwepo, ulishika jeneza. Mimi saa ile ya adhuhuri nilisogeza gari, nikazima.

Ofisi haikuniudhi sana, niseme ukweli. Rambirambi walileta. Na kazi hii imewasomesha wadogo zangu wawili, imeezeka nyumba uliyozaliwa wewe. Siwezi kukutukania.

Kwa hiyo majibu yangu ni haya. Nenda Bagamoyo ukaulizie pasi ya kusafiria, bila pasi utaishia Tunduma. Chanja homa ya manjano upate kadi, uifunge kwenye nailoni isilowe. Jumapili ya tatu ya mwezi ujao napakia saruji ya Arusha, nitapita Mandera kama saa tisa mchana. Ukiwepo, utapanda. Usipokuwepo, sitauliza. Tukirudi tunapakia ya Lubumbashi.

Na uje na sweta. Makambako usiku si Mkange.