Besi Lile Alipiga Nani?

Ninaendesha kipindi cha zilipendwa usiku wa Jumamosi katika redio ndogo ya mkoani. Zamani, kabla ya kuweka wimbo, nilitaja vitu viwili: jina la wimbo na jina la mwimbaji au bendi. Siku hizi siuweki wimbo hewani mpaka niwe nimetafuta nani alipiga solo, nani alishika besi, nani alikuwa kwenye tumba na nani aliyapanga matarumbeta. Kuna nyimbo ambazo utafutaji wake unakula wiki nzima. Wenzangu kituoni wanaona najitesa. Naandika ushuhuda huu kueleza nilivyobadilika, maana jambo lenyewe si la mtangazaji peke yake.

Aliyenibadilisha kwanza ni mzee mmoja. Alikuja kituoni mchana, suruali imepigwa pasi, viatu vinang'aa, akaomba kuonana na mtangazaji wa zilipendwa. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa. Alisema hukisikiliza kipindi changu kila Jumamosi, na kwamba kuna wimbo mmoja wa miaka ya sabini ambao huwa siachi kuuweka. Akautaja. Nikamwambia ni kweli, naupenda mno.

"Besi lile ni langu," akasema.

Nilidhani amekuja kudai malipo. Hakudai chochote. "Wajukuu zangu wanaucheza wimbo huo harusini," aliniambia. "Nikiwaambia babu yenu yumo humo ndani, wanacheka. Nimekuja, mwanangu, unisaidie kulitaja jina langu mara moja tu, walisikie redioni."

Nikamwomba anisimulie wimbo ulivyozaliwa. Mwimbaji alikuja mazoezini na maneno na sauti yake, wakaujaribu, ukakataa kuchezeka. Siku ya pili yeye akaingiza mpigo aliokuwa ameusikia utotoni kwao, kwenye ngoma ya mavuno, akauhamishia kwenye nyuzi za besi. Mpiga tumba akacheka, akamfuata. Solo likapata pa kupita. Wimbo ukasimama. Kwenye santuri likaandikwa jina la mwimbaji, na hakuna aliyeona ajabu, wala yeye mwenyewe hakuona ajabu wakati ule. Nikamuuliza ngoma ile ya kwao ilipigwa na nani. Akanyamaza kidogo, kisha akataja jina la bibi mmoja, akasema, "Huyo naye hukuwahi kumsikia."

Jumamosi ile niliyataja majina yote mawili, la mzee na la bibi. Kabla kipindi hakijaisha simu zilianza kuingia. Mjane wa mpiga saksafoni. Mtoto wa mpiga drams aliyetaka kujua kama tuna wimbo wowote ambao baba yake anasikika. Usiku ule ndipo nilipoelewa ukubwa wa kitu nilichokuwa nacho mikononi.

Anayetaka kuelewa majina haya yalipotelea wapi aangalie muziki wa dansi ulivyokuwa unatengenezwa. Mwimbaji alileta maneno na sauti, basi. Hakukuwa na karatasi za noti za kumgawia kila mtu. Mpiga solo alijitafutia solo lake, wa besi besi lake, na wapulizaji wakapangiwa na mtu mwenye sikio kali. Katika bendi ya DDC Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, mtu huyo alikuwa Michael Enoch, aliyekuwa amepitia Dar es Salaam Jazz na aliyejua kupiga karibu kila chombo. Magitaa yalikuwa kwa kina Abel Balthazar na Joseph Mulenga. Nyimbo zao nyingi zina sehemu mbili: ya kwanza ni ya kusimulia, taratibu, halafu inakuja chemko. Kwenye chemko mwimbaji hupunguza maneno, magitaa na matarumbeta yanajibizana, na hapo ndipo watu huinuka vitini. Sehemu tunayoikumbuka miilini, miaka zaidi ya arobaini baadaye, mara nyingi ilitungwa na watu tofauti na yule aliyeandikwa kuwa mtunzi. Sisemi mwimbaji aliiba. Maneno ni yake na sauti ni yake. Ninachosema ni kwamba wimbo ulikuwa na watunzi wengi na karatasi ilikuwa na nafasi ya mmoja.

Tena wanamuziki wengi walikuwa waajiriwa. NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo. Vyombo vilikuwa mali ya mwajiri, na mahali pa kurekodi palikuwa hasa Radio Tanzania Dar es Salaam. Mpiga gitaa akihamia bendi nyingine aliliacha gitaa, na solo aliloligundua likabaki likipigwa na aliyemrithi. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro tunamkumbuka tangu alipofariki mwaka 1979 kwa sababu aliimba mwenyewe na kupiga solo mwenyewe, sauti na vidole vikakaa chini ya jina moja. Wenye vidole tu hawakupata bahati hiyo.

Baada ya mzee yule nikaanza kusoma, na kisa kilichonikaa zaidi ni cha Solomon Linda wa Afrika Kusini. Alizaliwa mwaka 1909 Natal, Uzuluni, akaenda Johannesburg kutafuta kazi kama vijana wengi wa wakati wake, akaunda kundi la waimbaji lililoitwa Evening Birds. Mwaka 1939 waliingia studio ya kampuni ya Gallo kurekodi wimbo wao wa simba, Mbube. Waliurudia mara tatu. Mara ya tatu, wimbo ukielekea mwisho, Linda, aliyekuwa akiimba kwa sauti ya juu sana, alitoa mfululizo mfupi wa noti ambao haukupangwa. Ni sekunde chache. Mashine ilikuwa inazunguka, zikanaswa.

Kufikia mwaka 1948 santuri ile ilikuwa imeuza nakala zipatazo 100,000 barani Afrika. Linda aliuza haki zake kwa shilingi 10, akawa anafanya kazi ya kufungasha santuri katika kampuni hiyohiyo. Nakala moja ilimfikia mkusanyaji wa nyimbo Alan Lomax huko Marekani, naye akampa mwanamuziki Pete Seeger. Seeger na wenzake wa The Weavers wakaurekodi kwa jina la Wimoweh. Mwaka 1961 kundi la The Tokens likautoa tena kama The Lion Sleeps Tonight, ukashika namba 1 Marekani. Ubeti wa Kiingereza unaojulikana na kila mtoto duniani umewekwa juu ya zile noti za mwisho za Linda, za mara ya tatu, ambazo hazikupangwa. Waliosajiliwa kama watunzi wa wimbo huo mpya walikuwa Wamarekani. Linda alifariki mwaka 1962 akiwa maskini, na kaburi lake likakaa miaka 18 bila jiwe lenye jina lake.

Mwaka 1994 wimbo ukaingia kwenye filamu ya The Lion King. Mwaka 2000 mwandishi Rian Malan akachapisha makala ndefu katika jarida la Rolling Stone akifuatilia fedha zilikokwenda, akakadiria kwamba wimbo ule ulikuwa umezalisha dola milioni 15 katika haki za watunzi. Mwaka 2004 kesi ikafunguliwa Afrika Kusini kwa ajili ya binti za Linda, ikiongozwa na mwanasheria Owen Dean. Alitumia sheria ya zamani ya dola ya Uingereza ya mwaka 1911, iliyorudisha haki kwa warithi miaka 25 baada ya mtunzi kufa. Mwaka 2006 pande zote zikapatana: familia ilipwe, na Mbube itambuliwe kuwa asili ya wimbo.

Nilifurahi kusoma mwisho huo. Kisha nikaisikiliza tena rekodi ya 1939, safari hii kwa masikio aliyonipa mzee wa besi. Chini ya sauti ya Linda kuna wanaume wengine, na sauti zao nzito ndizo msingi aliosimama juu yake alipoziruhusu noti zile zitoke. Walikuwa Gilbert Madondo, Boy Sibiya, Gideon Mkhize, Samuel Mlangeni na Owen Sikhakhane. Aina nzima ya uimbaji wa kwaya za Kizulu ikaja kuitwa kwa jina la wimbo ule. Majina ya watu hawa watano niliyasoma hewani polepole, moja baada ya jingine, kabla ya kuuweka.

Kuna mwingine ambaye simsahau, Gregory Coleman, mpiga drams wa kundi la The Winstons la Marekani. Mwaka 1969 walirekodi wimbo Amen, Brother kwa ajili ya upande wa pili wa santuri. Katikati vyombo vingine vinanyamaza, Coleman anapiga peke yake kwa sekunde zipatazo saba. Sekunde hizo zimekatwa na kurudiwa katika maelfu ya nyimbo za hip hop na za muziki wa dansi wa Uingereza. Mwaka 2015 wapenzi wa muziki walimchangia fedha Richard Spencer, kiongozi wa kundi, na walifanya vema. Coleman alikuwa amefariki tangu mwaka 2006, hana fedha wala pa kuishi.

Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, naye nimejifunza kumsikiliza upya. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi, na Shaaban Robert akaja kuandika wasifu wake, kwa hiyo hatusahau jina lake. Lakini alikuwa na wenzake, kina Subeti, Buda, Mbaruk na Maalim Shaaban. Walikutana jioni Ng'ambo, wakazungumza habari za mtaani, wakatunga pamoja. Wimbo wa Kijiti, kuhusu mwanamke mgeni aliyeuawa Unguja, ulitokana na mambo yaliyokuwa vinywani mwa watu wa mji. Huwa najiuliza nani alikuwa wa kwanza kuingia mlangoni jioni ile na kusema, jamani, hili litungiwe wimbo. Pengine alikuwa jirani aliyekuja kuazima chumvi. Yeye ndiye aliyeleta wazo.

Maswali ya namna hii zamani hayakunijia kabisa. Sasa siwezi kusikiliza wimbo bila hayo. Nani aliamua gitaa litangulie peke yake kabla ya sauti? Nani alisema tumba zinyamaze hapa, kisha zirudi? Hata Bongo Fleva naisikia tofauti. Maprodyuza, tangu enzi za P-Funk Majani na Bongo Records, wamezoea kujitaja ndani ya wimbo wenyewe, na wapo wazee wanaochukizwa na majigambo hayo. Mimi nawaunga mkono vijana. Wamefanya ambalo mzee wangu wa besi hakuwa na nafasi ya kulifanya.

Nimesoma pia Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Inamlinda mtunzi, na kwa upande wa hakishiriki inamtambua anayetumbuiza. Wazo tupu hailindi, kama zilivyo sheria za hakimiliki za nchi nyingi, na nakubali kuna busara hapo. Kama mpigo wa ngoma ungekuwa na mmiliki, mzee asingeruhusiwa kuuhamishia kwenye besi, na wimbo tunaoupenda usingekuwepo. Lakini kumtaja mtu hakukatazwi na sheria yoyote, na hakugharimu hata senti. Bibi wa ngoma ya mavuno asingelipwa kitu mahakamani. Jina lake lilistahili kusikika, na sasa limesikika mkoa mzima.

Ninalo daftari nene ambamo kila wimbo wa kipindi una ukurasa wake: mwimbaji, waitikiaji, solo, besi, drams, tumba, wapulizaji, fundi mitambo, na mstari wa mwisho nilioupa jina la "wazo lilitoka wapi". Mistari mingi bado mitupu. Wenye majibu wanazidi kuzeeka, na wengine tunawazika kila mwaka bila kuwauliza.

Kwa hiyo nawaomba ninyi mnaosoma. Kama nyumbani kwenu yuko mzee aliyewahi kupiga muziki, iwe bendi, taarab au kwaya, mwekeeni wimbo wake, kisha mmuulize nani alisimama kushoto kwake na nani kulia, nani alileta mpigo ule, na yeye aliutoa wapi. Rekodini sauti yake kwenye simu. Andikeni majina nyuma ya picha kabla hajakosekana anayewajua waliomo. Nanyi vijana wenye makundi, kaeni chini kabla ya kuingia studio, andikeni nani ameleta nini, mtie sahihi wote, kisha mkaisajili kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ikiwa na majina yote. Anayejua mpiga tumba wa wimbo wowote wa zamani na atupigie redioni usiku wa Jumamosi. Jina hilo tutalisoma kabla ya wimbo.