Ghuba ya Chole: Wenye Nyumba Walio Chini ya Maji

Msafiri aendaye Mafia kwa njia ya bahari hupanda chombo Nyamisati na kushukia Kilindoni. Kutoka hapo barabara hukata kisiwa kuelekea mashariki hadi Utende, kijiji kinachotazamana na Ghuba ya Chole. Maji haya yamo ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1995, ya kwanza ya aina yake Tanzania. Wageni wengi huja Mafia kumwona papa potwe. Sisi, vijana watatu, tulikuja kumtafuta kiumbe asiyefika hata urefu wa mkono wa mtu mzima.

Ni jamaa wa kamba na kaa, lakini mikono yake ya mbele huikunja kifuani mithili ya vunjajungu wa mashambani. Kwa hiyo na tumwite kamba-vunjajungu. Wako wa makundi mawili. Kundi la kwanza ni la wenye rungu: hukaa katika matundu ya matumbawe, na hupasua kaa na konokono kwa pigo. Kundi la pili ni la wenye mkuki: huchimba mashimo mchangani na kuvizia samaki apitaye. Mkubwa kuliko wote ni wa kundi hili la pili, naye hukaribia sentimita 40.

Usimdharau yule mdogo. Pigo la mwenye rungu limepimwa na wataalamu, likaonekana kufikia mita 23 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 80 kwa saa. Msuli peke yake hauwezi mwendo huo. Mkono hujifunga kwanza kama upinde uliovutwa, kisha huachiliwa kwa ghafla. Maji yanayouzunguka hutoa mapovu, na mapovu hayo yanapovunjika humpiga windo mara ya pili. Kidole cha mwanadamu si kigumu kuliko gamba la konokono.

Tuliswali Alfajiri, tukangoja maji yaanze kujaa, kisha tukazama na mitungi yetu ya hewa. Karibu na mwamba tuliona vipande vya magamba vimetapakaa mbele ya tundu moja. Mwenzetu mmoja akanyoosha mkono kuokota kimoja. Mwongozaji, mzaliwa wa hapo, alimshika kifundo cha mkono na kumrudisha nyuma. Ndani ya tundu yalichomoza macho mawili juu ya vikonyo, kila moja likigeuka upande wake. Nyuma ya macho hayo palikuwa na rangi za kijani, nyekundu na buluu, zote katika mwili mmoja. Alitutazama, nasi tukamtazama. Hakutoka.

Tuliporudi chomboni mwongozaji alimwambia mwenzetu kwa upole, "Ustadhi, yale magamba ni ua wa nyumba. Humo mna mwenyewe."

Maneno hayo wanayajua vyema akina mama wa visiwa hivi, ambao maji ya bamvua yakitoka huenda mwambani kuchokoa pweza. Pweza na mwenye rungu hupenda matundu ya namna moja. Mama hatangulizi mkono. Hutanguliza kijiti, akasikiliza kinachojibu. Elimu hiyo binti huipokea kwa kufuatana na mama yake. Mgeni ajaye na mtungi mgongoni hana mtu wa kumfuata ila mwongozaji wake, na akimpuuza huenda akapanda juu bila kidole kizima.

Wala hatari si ya mgeni peke yake. Avunjaye tumbawe ili amtoe mwenyeji nje amebomoa nyumba ambayo wengi walikuwa wakiitegemea. Na mwenye mkuki, yule mkubwa wa mchangani, huishi na mwenzake wa kike katika shimo moja kwa muda mrefu: dume huwinda, na jike hula kwa mawindo yake. Mwenye kuchimbua shimo hilo amevunja kaya nzima.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, Mwenyezi Mungu akikujaalia kufika Utende, zama na mtu wa mahali hapo. Kaa mbali kiasi cha mikono miwili na kila tundu, okota kwa macho tu, na mikono yako uikunje kifuani kama aikunjavyo mwenye nyumba.