Ukitaka Kuhukumu, Bisha Mlango Kwanza

Wacha nianze na kitu chenye sijawahi kuandika mahali popote.

Miaka minne iliyopita nilikuwa katibu wa vijana kanisani kwetu, hapa Githurai. Usiku mmoja, kama saa tano hivi, nikiwa kitandani na simu kwa uso, niliandika kwa grupu ya WhatsApp: "Wapendwa, tumshike dada yetu mmoja wa soprano kwa maombi. Adui amemshambulia vibaya. Siwezi kusema mengi." Nikamalizia na ile mikono ya maombi, mitatu.

Eti siwezi kusema mengi. Kwaya yetu ilikuwa na masoprano watatu. Mmoja ni mama wa watoto wanne, mwingine alikuwa amesafiri ushago. Hata mtoto wa Sunday school angepiga hiyo hesabu.

Kabla ya saa sita, inboksi yangu ilikuwa imejaa. "Ni nani?" "Ni ile kitu nafikiria?" Na mimi huyo najibu mmoja mmoja: "Ndiyo, lakini usiambie mtu." Niliambia watu kumi na wawili wasiambie mtu.

Alikuwa na mimba ya miezi minne. Jumapili iliyofuata akasimamishwa huduma mbele ya kanisa lote. Alikaa benchi ya nyuma karibu na mlango Jumapili tatu, ya nne hakuja. Mpiga kinanda, ambaye ndiye baba ya mtoto, aliendelea kupiga kinanda. Na hapa ndipo naona aibu zaidi: mimi nilijua. Alikuwa beste yangu, aliniambia kwa mdomo wake. Hakuna usiku nilimwandikia yeye ombi la maombi.

Sasa, ukisema hivi mbele ya Wakristo wa rika langu, jibu linakuja haraka: "Ndiyo maana Biblia inasema tusihukumu. Kila mtu abebe msalaba wake." Inasikika poa. Hata mimi niliishika hiyo kwa muda. Shida ni kwamba ukifungua Mathayo 7 na usiishie mstari wa kwanza, utakuta Yesu anaendelea. Anasema utoe kwanza boriti kwa jicho lako, halafu utaona vizuri vya kutosha kutoa kibanzi kwa jicho la ndugu yako. Soma tena. Kibanzi bado kinatolewa! Hakusema ndugu yako akae nacho mpaka jicho lioze. Na kwa Yohana 7:24 anawaambia watu wahukumu, ila kwa haki, wasiangalie sura ya nje tu.

Kwa hivyo "usihukumu" haiwezi kumaanisha "nyamaza". Na Kenya tunajua kunyamaza kunaweza kutufikisha wapi. Mwaka 2023, kule Shakahola, Kaunti ya Kilifi, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msituni, mingi ya watu waliokufa njaa wakifuata mafundisho ya mhubiri. Nilipokuwa nikiangalia zile habari na mathe, nilifikiria mara ngapi nimesikia mtu akiambiwa asimguse mpakwa mafuta wa Bwana. Ukiuliza sadaka imeenda wapi, unahukumu. Ukiuliza kwa nini wagonjwa wanaambiwa waache dawa, unahukumu. Cheki vile hiyo kitu inafanya kazi: msichana wa soprano anahukumiwa bila mtu kupepesa macho, lakini mwenye maiki haguswi.

Ni stori ya zamani. Yohana 8, wanaume wanamleta mbele ya Yesu mwanamke aliyefumaniwa akizini. Wanasema sheria ya Musa inataka apigwe mawe. Lakini hiyo sheria, Walawi 20:10, inataja watu wawili, mwanamume na mwanamke. Na mtu hafumaniwi akizini peke yake. Mwanamume alikuwa wapi? Sijui, labda alikuwa anapiga kinanda.

Ningebaki hapo, nikilaumu "kanisa" kama kanisa ni watu wengine, kama si kile kilichonipata mwaka uliofuata.

Nilikuwa mwaka wa kwanza chuo. Mathe alichukua mkopo kwa chama chao, elfu 38, akanitumia nilipe fees. Nilibeti. Nilianza na ngiri mbili tu, nikiwaza nitamrudishia na chenji. Mkeka ukachanika. Nikaongeza kurudisha zile zilizoenda. Kwa wiki mbili pesa yote ilikuwa imeisha, na mimi kila asubuhi nabeba bag kama mtu anayeenda darasani, kumbe naenda kukaa kwa stage nikiangalia matatu zikijaa.

Kuna mama mboga karibu na kwetu, mtaa mzima tunamwita Shosho. Anasali kanisa letu, anakaa safu ya tatu, hata si kiongozi wa chochote. Nilikuwa nimemkopa soo mbili mara tatu, kila mara na uongo tofauti. Mara ya nne hakutoa pesa. Alisukuma kreti tupu na mguu, akaniambia, "Keti hapo."

Nikaketi.

"Kijana yangu, pesa ya shule iko wapi?"

Nikaanza hadithi. Akanikata. "Usinidanganye nikiwa na kisu mkononi," akasema, akiendelea kukata sukuma. Nilitaka kucheka, nikalia.

Nilimwambia yote. Nilitarajia zile za "usijali, Mungu anasamehe, sisi sote ni wanadamu." Hakusema hivyo. Alisema, "Huo ni wizi. Umeiba kwa mamako, na atalipa hiyo deni akijua ama asijue." Alisema wizi, hivyo tu, kwa sauti ya chini ndiyo wateja wasisikie. Halafu akaniuliza nitamwambia mathe lini. Nikasema sijui, siwezi. Akasema, "Twende sasa. Nitakaa na wewe."

Ilikuwa saa kumi na mbili jioni. Kama umekaa mtaa kama wetu unajua saa kumi na mbili ni nini kwa mama mboga. Watu wanashuka kutoka tao, kila mtu anataka sukuma ya mbao na nyanya mbili. Hiyo ndiyo saa ya pesa. Shosho alifunika kibanda na gunia, sukuma ya mtu ikabaki imekatwa nusu, tukatembea. Alikaa kwa kochi yetu masaa mawili. Mathe alipiga kelele, akalia, akanyamaza, na Shosho hakunitetea hata mara moja. Alikuwa tu hapo.

Kwa mwezi mzima nilifungua ile grupu ya WhatsApp nikingoja ombi la maombi kunihusu. "Tumshike kijana wetu mmoja, adui amemshambulia." Halikuja. Halijawahi kuja.

Ni hapo nilielewa kwamba Shosho alinihukumu kuliko mtu yeyote amewahi kunihukumu. Neno lake lilikuwa zito kuliko neno langu kwa yule dada. Mimi sikumwita mwenye dhambi, nilisema tu "ameshambuliwa". Lakini Shosho aliniambia mimi, uso kwa uso, tena alilipia. Mimi niliambia watu kumi na wawili, nikalala vizuri.

Na hii si hekima mpya. Mathayo 18 inaweka utaratibu: ndugu akikosa, mwendee mkiwa wawili tu. Akikataa, rudi na mmoja au wawili. Kanisa linaambiwa baadaye kabisa. Sisi tulianza mwisho. Au angalia nabii Nathani. Daudi amechukua mke wa mtu na kupanga mume auawe vitani. Nathani anaenda ikulu mwenyewe, mbele ya mfalme ambaye tayari ameua mtu kuficha hiyo siri, na anamwambia. Lakini kitu chenye hatuhubiriwi sana ni kwamba Nathani hakupotea baada ya hapo. Daudi akiwa mzee, amelala kitandani, kwa 1 Wafalme 1, Nathani bado yuko pale nyumbani mwake. Tena ukiangalia orodha ya watoto wa Daudi na Bathsheba kwa 1 Mambo ya Nyakati 3, mmoja anaitwa Nathani. Biblia haisemi kwa nini. Mimi nina wazo langu.

Na wale wasio wa kanisani? Paulo alimaliza hiyo kwa 1 Wakorintho 5: hao walio nje si kazi yake kuwahukumu. Kwa hivyo yule makanga mwenye dredi, yule dem wa tattoo, yule msanii ambaye video yake mnaipitisha mkisikitika huku mkiiangalia mara tano, hao hamjaitwa kuwafanyia kesi. Hamuwajui hata jina la pili. Nguvu tunamalizia huko nje, halafu mwizi wa sadaka tunamwekea kiti cha mbele.

Mwaka huu nilienda kumtafuta yule dada. Anakaa Kahawa sasa, mtoto ana miaka mitatu na anapenda kuvuta watu ndevu. Nilimwambia ile meseji niliandika mimi. Akasema anajua, siku zote alijua. Nikaomba msamaha. Hakusema amenisamehe, na sikumsukuma. Alisema hivi: "Kusimamishwa sikushangaa, nilijua itakuja. Kilichoniuma ni kwamba mlikuwa watu ishirini kwa hiyo kwaya na hakuna hata mmoja alikuja kubisha mlango. Hata kunigombeza. Ningefungua."

Ningefungua. Nimebeba hilo neno mpaka leo.

Wiki iliyofuata nikaenda kwa yule mpiga kinanda, miaka minne nikiwa nimechelewa. Nilimwambia kwanza yangu, kwamba nilimficha na nilikosea. Halafu nikamwambia yake: una mtoto Kahawa, anafanana na wewe, na mamake anamlea peke yake. Akakasirika. Unajua alinirushia nini? Ule mstari wa Mathayo 7, wa kwanza tu. Hajajibu meseji zangu tangu hiyo siku, na ni mtu tulikuwa tunakula naye sahani moja. Nitamrudia. Nathani hakuenda mara moja akatoroka.

Kwa hivyo sisemi uache kuona makosa. Macho yako yako sawa. Ila kabla uandike chochote kumhusu mtu, jiulize kama umewahi kumwambia yeye, na kama uko tayari kufunga kibanda saa kumi na mbili ukae naye. Kama huko tayari, weka simu chini ulale.

Na kama kuna mlango uliokuja kwa akili yako ukisoma hii, wewe unajua ni wa nani. Enda ubishe.